Taa za Ziada za Pikipiki kwa Barabara za Mbeya na Iringa: Spoti, Ukungu au Laitibaa?

Dereva anayetoka Mwanjelwa saa mbili usiku kumpeleka abiria Mbalizi, na yule anayeshuka Isongole alfajiri na madumu ya maziwa kuja Uyole, hawahitaji taa ya aina moja. Lakini wote wawili wakiingia duka la spea huoneshwa kitu kilekile: taa nyeusi ya LED yenye macho mengi, inagusishwa kwenye betri juu ya kaunta, inamulika ukuta mpaka macho yanauma, na biashara inaisha hapo. Ukuta wa duka uko mita tatu. Barabarani unataka kuona mita sitini, tena kwenye mvua, kwenye ukungu, na semitrela ikija mbele yako. Hicho ndicho kipimo nitakachotumia hapa.

Kwa nini sitini? Ukiwa spidi 60 unakata karibu mita 17 kila sekunde. Hadi ushtuke na mkono ufike kwenye breki, sekunde moja na nusu imeshapita, nazo ni mita 25. Kwenye lami iliyolowa utahitaji nyingine 35 hivi mpaka pikipiki isimame. Ukishusha spidi hadi 40, jumla hiyo inashuka mpaka mita 32 hivi. Kwa hiyo kama taa yako inakuonesha mita 30 tu, spidi yako ya usiku ni chini ya 40 hata kama injini inaweza 90. Taa ya ziada inanunuliwa ili kuziba pengo hilo, na mwanga una tabia ya kuisha haraka: ukitaka kumulika mbali mara mbili kwa ukali uleule, unahitaji mwanga mara nne. Ndiyo maana wati peke yake hazikwambii kitu. Umbo la mwanga, yaani unakwenda wapi baada ya kutoka kwenye kioo, ndilo linaloamua.

Anza na taa uliyonayo

Pikipiki nyingi tunazotumia huku, za injini ya sisi (cc) 100 hadi 150, hutoka na balbu ya halojeni ya wati 35. Zikiwa kamili, wati hizo zinatosha kwa spidi ya kawaida barabara ikiwa kavu. Shida ni kwamba hazibaki kamili. Vumbi la Chunya na tope la Mufindi huingia ndani ya taa, reflekta (bakuli la kung'aa linalorudisha mwanga mbele) inafifia, kioo kinakuwa na rangi ya maziwa, waya wa hasi unashika kutu pale ulipofungwa kwenye fremu. Kabla hujatoa hela ya taa mpya, fungua hiyo ya mbele uichungulie. Reflekta ikiwa imebabuka, badilisha taa nzima pamoja na kioo chake. Madereva wengi watapata huko nusu ya walichokuwa wanakitafuta, kwa bei ndogo kuliko jozi yoyote ya taa za ziada zenye maana.

Njia ya mkato inayopendwa ni kuchomeka balbu ya LED ndani ya reflekta ileile ya halojeni. Siipendekezi kwa usiku wa safari. Reflekta imechongwa kupokea mwanga kutoka kwenye uzi mwembamba uliokaa sehemu moja maalumu. Vipande vya LED hukaa pembeni kidogo ya sehemu hiyo na hutoa mwanga kwa upande. Matokeo yake barabara iliyo karibu na gurudumu inang'aa sana, mbele kunabaki kweusi, na sehemu kubwa ya mwanga inapanda machoni kwa anayekuja. Wewe unaona mwanga mweupe mwingi karibu na tairi, unaamini taa imeboreka, kumbe macho yako yameshazoea ule weupe na hayaoni tena kilicho mita 50 mbele. Zipo chache zilizotengenezwa kwa uangalifu, zenye vipande vidogo vilivyokaa mahali pa uzi. Ukiipata hiyo, ijaribu ukutani kwanza: mstari wa dimu (mwanga wa chini) uonekane umekatika vizuri juu, usiwe wingu.

Umeme wako unatosha?

Hapa ndipo halojeni na LED zinapoachana kabisa. Wati gawanya kwa volti 12 unapata ampea. Chukua betri ya Ah 5, yaani inayoweza kutoa ampea 5 kwa saa moja, ambayo ni ya kawaida kwa pikipiki hizi, uone ingebeba taa kwa muda gani kama magneti, yaani kizalisha umeme cha injini, isingeisaidia:

| Jozi ya taa | Wati kwa jumla | Ampea | Betri ya Ah 5 peke yake |
|---|---|---|---|
| Halojeni 55 × 2 | 110 | 9.2 | dakika 33 |
| Halojeni 35 × 2 | 70 | 5.8 | dakika 51 |
| LED 20 × 2 | 40 | 3.3 | saa 1 na nusu |
| LED 10 × 2 | 20 | 1.7 | saa 3 |

Hiyo ni hesabu ya karatasi. Kwa kweli muda ni mfupi zaidi, na stata hugoma mapema kabla betri haijakauka. Magneti inasaidia, lakini inasaidia injini ikizunguka. Ukiwa umesimama kijiweni unasubiri abiria huku taa zinawaka, au unateremka taratibu injini ikiwa chini, inachozalisha ni kidogo, na humo humo kuna taa ya mbele, ya nyuma, indiketa, honi, simu ya abiria inayochajiwa. Halojeni mbili za wati 55, zile za magari, ni mzigo ambao pikipiki ya sisi 125 haikujengwa kuubeba. Utaona kwanza honi inakuwa na sauti ya kukwama, kisha asubuhi ya baridi ya Juni kule Makambako unabonyeza stata inasema "tik" na kunyamaza.

Zenoni, zile balbu za gesi, nazipita haraka. Zina ukali, lakini zinahitaji kisanduku cha kupandisha umeme hadi maelfu ya volti ili ziwake, zinachukua sekunde kadhaa kufikia mwanga kamili kwa hiyo hazifai kuwashwa na kuzimwa, na kwenye reflekta isiyo yake zinapofusha. Kwa fedha ya zenoni unapata LED nzuri.

Kwa hiyo kwa pikipiki ya kazi uchaguzi unabaki kwenye LED, wati 10 hadi 20 kwa kila taa. Ila niwape halojeni haki yao kwa jambo moja: kioo chake hupata moto, kwa hiyo umande na matone hukauka yenyewe. LED joto lake liko mgongoni, kioo cha mbele kinabaki baridi. Ukipita ukungu wa Isongole unyevu unaganda juu yake, na tope likirushwa na tairi la mbele linakaa hapohapo. Dereva wa LED lazima awe na kitambaa karibu.

Spoti, laitibaa na taa ya ukungu

Ukiacha aina ya balbu, kuna maumbo matatu ya mwanga yanayouzwa, na hapa ndipo watu wengi wanakosea kuchagua.

Spoti hutoa mwanga mwembamba unaokwenda mbali. Utaitambua kwa macho machache, kila jicho likiwa na bakuli refu la kung'aa au lenzi nene. Ni taa ya kusaidia fulu, ule mwanga wa mbali. Barabara ya Chunya usiku, ukishamaliza kupanda Kawetere na kuingia kwenye sehemu zilizonyooka, spoti ni msaada mkubwa: inakuonesha ng'ombe aliyelala kwenye lami mapema, unakuwa na muda. Njia ya Makete kupitia Njombe pia, pale ambapo unaweza kutembea muda mrefu bila kukutana na chombo kingine. Udhaifu wake uko mahali pawili. Kwenye kona inamulika ng'ambo ya bonde badala ya barabara. Na kwenye ukungu ni mbaya kuliko kutokuwa nayo.

Laitibaa, ile yenye macho madogo mengi yaliyopangwa kwa mstari, humwaga mwanga kila upande, juu kwa chini. Ni nzuri kwa mtu anayepakia viazi shambani usiku au anayebadilisha pancha. Imetengenezwa kwa trekta na gari la porini. Kwenye barabara kuu ya TANZAM, ya kwenda Zambia, naiona kama kosa. Haina mkato wowote juu, kwa hiyo nusu ya umeme wako inamulika miti na macho ya watu, na huwezi kuishusha bila kupoteza hata ule mwanga mdogo unaofika mbele. Kama tayari unayo, iwekee swichi yake na uiwashe ukiwa umesimama.

Taa ya ukungu ni pana na fupi, na juu imekatwa kama kwa rula. Ukiielekeza ukutani unaona ukanda mlalo wa mwanga, na juu ya ukanda huo giza. Haikupeleki mbali. Inakuonesha kingo za barabara, mstari mweupe, shimo, mfereji, na mama anayetembea pembeni na ndoo kichwani. Kwa Mbeya, Rungwe, Njombe na Mufindi mimi ningeanza na hii kabla ya spoti, na sababu yake inastahili kuelezwa vizuri.

Ukungu ni matone madogo mno ya maji yanayoelea. Kila tone linalopigwa na mwanga hurudisha sehemu yake nyuma. Taa ikiwa juu, karibu na usawa wa macho yako, na mwanga wake ukiwa unapanda, unakuwa unamulika matone yaleyale unayojaribu kutazama kupitia, na mbele yako panajengeka ukuta mweupe. Ndiyo maana ukipiga fulu kwenye ukungu unaona kidogo zaidi kuliko dimu. Ukishusha taa chini, mbali na mstari wa macho, na ukaukata mwanga usipande, ukungu ulio mbele ya uso wako unabaki bila kumulikwa, nawe unautazama mwanga ulioko chini kwenye lami. Urefu wa taa na mkato wake ndivyo vinavyofanya kazi.

Rangi inakuja baadaye. Imani iliyoenea ni kwamba njano inapenya ukungu. Haipenyi zaidi ya nyeupe kwa kiasi cha kuonekana, kwa sababu matone ya ukungu ni makubwa kuliko mawimbi ya mwanga na hutawanya rangi zote karibu sawa. Lakini njano, ile ya Kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 3000 hivi, ina faida yake ya kweli: haina ule ubluu mkali unaochosha macho, na mwanga unaorudi kwako unaumiza kidogo. Baada ya saa moja ya kuendesha kwenye mvua ya Tukuyu utaiona tofauti kwenye macho yako. Nyeupe ya Kelvini 6000 na zaidi inapendeza dukani, ila kwenye lami iliyolowa inameza mistari. Nikilazimishwa kuchagua, nyeupe iliyofungwa chini na yenye mkato naitanguliza mbele ya njano iliyofungwa kwenye usukani. Njano ya chini yenye mkato inazishinda zote mbili.

Kuna faida nyingine ya taa mbili za chini ambayo haizungumzwi sana. Pikipiki yenye taa moja ikija gizani, dereva wa lori hawezi kupima iko umbali gani, na anaweza hata kudhani ni gari lililokufa taa upande mmoja. Taa ya mbele pamoja na mbili za chini zinafanya pembetatu, na pembetatu hiyo inavyopanuka ndivyo anavyojua unakaribia. Mteremko wa Iwambi au Mlima Nyoka, ambako lori lililoshindwa breki ni hofu ya kila siku, kuonekana mapema ni nusu ya usalama wako.

Tafadhali achana na zile zinazopepesa. Mwanga unaowaka na kuzima unamnyima mwenzako uwezo wa kukadiria umbali wako, na nyekundu na bluu waachie polisi na gari la wagonjwa.

Wati za kwenye boksi

Boksi likiandika wati 120 na taa yenyewe inakaa kwenye kiganja na ni nyepesi, usibishane, pima. Mwombe fundi mwenye mita ya umeme aipitishe kwenye waya mmoja huku taa inawaka. Ikisoma ampea 1.5 kwa volti 12, hiyo ni taa ya wati 18, basi. Inaweza kuwa taa nzuri ya wati 18, lakini lipa bei ya wati 18. Kama hakuna mita, angalia mgongo: LED ya wati za kweli inahitaji mapezi mazito ya alumini kutoa joto. Iwashe dakika kumi uishike; mgongo uwe na moto uliosambaa sawasawa. Ukiwa baridi kabisa, wati hazipo. Mwanga ukianza kufifia ndani ya dakika hizo, taa inajiunguza.

Kuhusu maji, tafuta maandishi ya IP. Tarakimu ya kwanza ni vumbi, na 6 ndiyo ya juu. Ya pili ni maji: 5 inahimili maji ya bomba la kuoshea, 7 inahimili kuzama mita moja kwa nusu saa. Kwa mvua zetu za Novemba hadi Mei, IP67 ndiyo ya kutafuta. Na kwa kuwa maandishi yanaweza kudanganya, itumbukize kwenye ndoo ya maji usiku mmoja kabla fundi hajaifunga. Ukikuta ukungu ndani ya kioo asubuhi, rudisha dukani ikiwa bado na boksi lake.

Kufunga

Taa ya LED isiungwe kwenye waya wa taa ya mbele bila kujua umeme wa pikipiki yako unakwendaje. Geuza ufunguo bila kuwasha injini, kisha washa taa. Ikiwaka, inakula betri. Isipowaka mpaka injini iungurume, na ikawa inapanda na kushuka na mafuta, inalishwa moja kwa moja na magneti, na LED ukiiunga hapo itapepesa kisha itakufa. Katika hali zote mbili njia salama ni ileile: waya kutoka chanya ya betri, fyuzi karibu kabisa na betri, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme mdogo ili kupitisha mkubwa), halafu taa. Kwenye rilei namba 30 inatoka betri, 87 inakwenda taa, 85 hasi, na 86 inatoka kwenye swichi, nayo swichi ichukue umeme unaozimika ukitoa ufunguo. Jozi ya wati 20 kwa jumla inatosheka na fyuzi ya ampea 5. Fundi akikwambia fyuzi haina haja, tafuta fundi mwingine. Waya uliosuguliwa na usukani hadi shaba ikatoka, bila fyuzi, unaunguza pikipiki yote ikiwa na tenki la petroli juu yake.

Mahali pa kufunga: za ukungu kwenye bampa, chini ya usawa wa taa kubwa, spoti karibu na taa kubwa. Bampa imeshikwa na fremu kwa hiyo haigeuki na usukani, lakini mwanga ukiwa mpana hilo halisumbui. Tena kwenye kona za Kitonga pikipiki inapolala, mwanga wa taa kubwa unalala nao na upande wa ndani wa kona unabaki giza. Upana wa taa za ukungu ndio unaoujaza.

Kuelekeza ndiko kunakoharibiwa zaidi. Simamisha pikipiki mita 10 kutoka ukutani, kwenye uwanja tambarare, na mzigo wako wa kawaida ukiwa juu yake. Mkato wa mwanga uwe sentimita 10 chini ya urefu wa taa yenyewe. Taa iliyofungwa sentimita 60 kutoka chini, ikielekezwa hivyo, inagusa lami mita 60 mbele. Kuhusu mzigo sisemi kwa kutimiza wajibu: springi za nyuma zikishuka sentimita 4 tu kwa gunia la viazi au abiria wawili, mwanga ukutani unapanda karibu sentimita 30. Dereva aliyeelekeza taa akiwa mwenyewe, akipakia parachichi Rungwe, anawapofusha watu njia nzima bila kujua, na yeye mwenyewe haoni barabara.

Kwa hiyo nani afunge nini

Wa mjini, Soweto, Kabwe, Uyole, au Iringa kati ya Ipogolo na Mashine Tatu: tengeneza taa ya mbele iwe nzima. Ukibaki na hela, jozi ya ukungu ya wati 10. Spoti mjini haina kazi.

Wa Uyole hadi Tukuyu, wa Njombe, wa mashamba ya chai Mufindi: jozi ya ukungu ya njano, wati 10 hadi 20 kila moja, chini kwenye bampa. Usiongeze kitu kingine mpaka uwe umepita nayo msimu mmoja wa mvua.

Wa Chunya, Makete na njia ndefu zisizo na watu: ukungu kwanza, kisha spoti moja au mbili ndogo, jumla yote isizidi wati 40. Hapa swichi ziwe mbili tofauti. Ya ukungu ikae popote, lakini ya spoti ifungwe karibu na kidole gumba cha kushoto, au rilei yake ichukue umeme kwenye waya wa fulu kama taa yako ya mbele inalishwa na betri, ili ukishusha kwa ajili ya anayekuja, spoti zizimike papo hapo bila wewe kutafuta swichi gizani.